Barua ya Babu Ina Michirizi ya Ajabu: Je, Tuipige Pasi?

«Mtaalamu, shikamoo. Babu yangu mzaa mama alifariki akatuachia kisanduku chenye barua saba za wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zote alizoandikiwa na rafiki yake aliyekuwa mbali vitani. Sita ni za kawaida. Ya saba ina michirizi minne inayokata ukurasa kwa mshazari, miwili ya kahawia hafifu na miwili inayokaribia buluu, kana kwamba mtu alipitisha brashi chafu juu ya maandishi. Isitoshe, mistari ya barua hiyo imeachana mno, kiasi kwamba mtu angeweza kuandika mstari mwingine katikati. Mpwa wangu anashikilia kwamba huo ni wino wa siri wa majasusi, na kwamba tukiipiga pasi au kuipitisha juu ya mshumaa maneno yatatokea. Mjomba amekasirika, anasema tunamzulia marehemu ujasusi. Je, ni kweli wino wa namna hiyo ulitumika vitani? Na kama upo katika barua hii, bado unaweza kusomeka baada ya miaka zaidi ya 80?»

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa kumpoteza babu. Kabla sijaeleza lolote, naomba pasi irudi mahali pake na mshumaa uzimwe. Mambo mengine yote katika jibu hili yanaweza kusubiri, lakini karatasi ikishaungua hairudi. Nimeelewa kwamba nyuma ya swali lako yako maswali mawili: kama kuna maandishi yaliyofichwa, na kama kuwapo kwake kungemtia doa babu. La pili linakuumiza zaidi, nami nadhani barua yenyewe imekwisha kulijibu kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo nianze na ile michirizi.

Michirizi hiyo, kwa jinsi unavyoieleza, karibu hakika si wino wa siri. Ni alama za mkaguzi wa barua. Katika vita vyote viwili vikuu, serikali zilizopigana zilifungua barua zilizopita mipakani na zile za askari wao, zikazisoma, zikafuta zilichotaka kufuta, kisha zikazifunga tena kwa utepe na muhuri. Sehemu ya barua hizo zilipelekwa pia kupimwa kwa kemikali. Mpimaji alichukua brashi kadhaa, kila moja ikiwa imechovywa katika dawa tofauti, akazivuta kwa mshazari kutoka upande mmoja wa ukurasa hadi mwingine. Alizivuta kwa mshazari ili kila dawa ikatize mistari mingi ya maandishi kwa mkupuo mmoja: kama kungekuwa na wino uliofichwa mahali popote kati ya mistari, angalau vipande vya herufi vingejitokeza ndani ya mchirizi. Watu wanaokusanya barua za kale wanaijua sana michirizi hii, kwa sababu dawa zile ziliacha rangi ambayo haikutoka.

Sasa angalia maana yake. Barua hiyo ilishukiwa, au iliokotwa tu katika fungu bila sababu yoyote, ikapimwa, kisha ikaachiliwa ikamfikia babu yako. Wakaguzi walipogundua maandishi ya siri hawakuwa na desturi ya kuifunga bahasha na kumtakia mpokeaji heri. Waliizuia barua, au waliipiga picha na kuanza kumfuatilia aliyeiandika. Basi mwambie mjomba kwamba michirizi ile haimshtaki marehemu. Inaonyesha kwamba barua aliyoandikiwa ilipita mikononi mwa watu waliolipwa kutafuta siri, na wao wakaipitisha. Siwezi kusema kwamba hilo ni thibitisho kamili, kwa maana vipimo vyao havikunasa kila kitu, lakini uzito wake uko upande wa babu.

Nikija kwa mpwa wako, hajakosea kwamba wino wa siri ulitumika vitani. Amekosea kudhani kwamba wino huo ni wa aina moja na kwamba dawa yake ni moto. Dhana hiyo imetokana na limau, ambalo kila mtoto aliyewahi kucheza mchezo wa siri analifahamu. Na kweli limau lilipata kutumika. Mwaka 1915, wakaguzi wa Uingereza walikamata barua zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kawaida ambazo, zilipopimwa, zilikuwa na Kijerumani kilichoandikwa kwa maji ya limau. Zilimfikisha mahakamani mtu aliyejulikana kwa jina la Carl Muller. Katika vitu vyake palipatikana limau, na kwenye ncha ya kalamu yake mabaki ya limau hilo. Alipoulizwa alidai kwamba ni la kusafishia meno. Alipigwa risasi katika Mnara wa London tarehe 23 Juni 1915, na limau lile, sasa likiwa limesinyaa na kuwa jeusi kama jiwe la mkaa, limehifadhiwa hadi leo katika makavazi ya taifa ya nchi hiyo. Limau lilikuwa wino wa mtu aliyekosa kingine, na ndilo jambo la kwanza ambalo kila mkaguzi alilitafuta.

Nieleze linavyofanya kazi, maana hapo ndipo utakapoona hatari ya pasi. Maji ya limau yana asidi na sukari kidogo. Yakikauka juu ya karatasi hayaonekani, lakini mahali yalipopita asidi imeudhoofisha ule utando wa nyuzinyuzi unaoitwa selulosi. Ukiipasha karatasi moto, sukari hubadilika rangi na sehemu zilizodhoofika huanza kuungua mapema kuliko sehemu nyingine, ndipo herufi za kahawia hutokea. Maziwa, maji ya kitunguu na mkojo hufuata njia inayofanana na hiyo. Kwa maneno mengine, moto hausomi wino: unaiunguza karatasi, na kutegemea kwamba pale palipoandikwa pataungua kwanza. Katika karatasi mpya kuna pengo dogo kati ya joto linaloibua herufi na lile linaloiunguza karatasi nzima. Karatasi ya wakati wa vita, ambayo mara nyingi ilitengenezwa kwa massa duni ya mbao na imekuwa ikitoa asidi yake yenyewe kwa miaka 80, haina pengo la kuchezea. Itabadilika rangi yote kwa pamoja, na kama kulikuwa na herufi zitapotelea ndani ya kahawia ileile.

Majasusi waliofunzwa hawakutaka wino wa aina hiyo, kwa sababu adui pia ana pasi. Walichotaka ni jozi: kimiminika kimoja cha kuandikia, na kingine, alichonacho mpokeaji peke yake, cha kuyaibua maandishi. Wazo hili ni la zamani sana. Mhandisi wa Kigiriki, Philo wa Byzantium, zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo, alieleza namna ya kuandika kwa maji ya vinundu vya mti wa mwaloni, ambavyo vina tanini nyingi, kisha kuyaibua maneno kwa chumvi ya metali; tanini ikikutana na chuma au shaba hufanya rangi nzito. Katika vita vya uhuru wa Marekani, daktari James Jay alimpatia George Washington wino wa jozi wa namna hiyo, uliotumiwa na kundi la majasusi wake lililoitwa Culper huko New York. Jay mwenyewe alieleza baadaye kwamba moto, unaoyatoa hadharani maandishi ya limau na maziwa, haukuwa na athari yoyote kwa wino wake. Fikiria basi mtu angeipiga pasi barua ya Washington: angeharibu karatasi na asipate hata neno.

Kufikia karne ya 20, jozi zilikuwa nyingi. Maandishi ya salfeti ya shaba hugeuka buluu yakikutana na mvuke wa amonia. Chumvi ya risasi (ile metali) hugeuka nyeusi ikikutana na gesi yenye harufu ya yai viza. Nitreti ya fedha hujitokeza kwa mwanga tu, kama picha za zamani. Wanga huwa na rangi ya buluu iliyokolea ukiguswa na iodini. Shida ya jasusi haikuwa kuipata kemikali, ilikuwa kuibeba bila kukamatwa nayo, na hapo akili za watu zilifanya kazi kwelikweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapelelezi wa Ujerumani walilowesha wino ndani ya soksi, leso na skafu, wakazikausha na kuzivaa. Mwandishi wa habari Mmarekani George Vaux Bacon, aliyetumwa Uingereza kwa kazi hiyo, alibeba wake katika soksi. Akifika, jasusi alitumbukiza soksi katika maji kidogo na wino ukarudi. Katika vita ya pili, Kurt Frederick Ludwig, aliyeongoza mtandao wa Kijerumani huko Marekani, aliandika kwa dawa ya maumivu ya kichwa iitwayo Pyramidon, ambayo mtu yeyote angeweza kuwa nayo mfukoni. Barua zake zilinaswa na wakaguzi wa Uingereza waliokuwa kisiwani Bermuda mwaka 1941, na kilichozifichua ni iodini.

Kuna kisa kimoja ninachopenda kuwaeleza wanaodhani kwamba mwenye siri daima ana ufunguo wake. Mwezi Juni 1942 Ujerumani ilishusha wahujumu wanane kwa nyambizi katika pwani ya Marekani. Kiongozi wa kundi la kwanza, George Dasch, alijisalimisha mwenyewe. Alikuwa na leso nyeupe ambayo majina na anwani za watu wa kuwasiliana nao zilikuwa zimeandikwa juu yake kwa wino usioonekana, lakini kumbukumbu ilimtupa: hakuweza kukumbuka namna ya kuyaibua. Ilibidi maabara ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, itafute yenyewe, na hatimaye maneno yakatoka kwa mvuke wa amonia. Leso ile ingeliweza kupigwa pasi kutwa nzima bila kutoa hata neno.

Iodini niliyoitaja inastahili maelezo zaidi, maana ndiyo iliyobadilisha mchezo. Karatasi mpya ina uso laini kwa sababu nyuzi zake zimelazwa na kukandamizwa kiwandani. Kimiminika chochote kinachoigusa, hata maji matupu, huzilegeza nyuzi hizo, nazo zikikauka hazilali tena kama mwanzo. Mvuke wa iodini hutua zaidi kwenye nyuzi zilizovurugika kuliko kwenye zilizolala. Kwa hiyo mkaguzi hakuhitaji tena kujua ni kemikali gani iliyotumika. Ilitosha kwamba kalamu yenye unyevu ilipita. Majasusi nao wakajifunza kuilowesha karatasi nzima kwa mvuke au maji baada ya kuandika na kuikausha chini ya uzito, ili uso wote uvurugike sawasawa na iodini ikose pa kushika. Wakafundishwa pia kuandikia kijiti kilichozungushiwa pamba badala ya kalamu ya chuma, kwa kuwa ncha ya chuma hukwaruza na mkwaruzo huonekana taa ikiinamishwa. Huu wa mwisho uweke akilini, tutaurudia.

Nisingekuwa mkweli kama ningekuacha ukidhani kwamba pasi haikufaa hata mara moja. Mwaka 1943, katika Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani, wanawake wa Kipoland waliofanyiwa majaribio ya kikatili ya kitabibu miguuni walitaka dunia ijue. Waliruhusiwa barua chache za Kijerumani kwa familia zao mjini Lublin, zote zikisomwa na wakaguzi. Mmoja wao, katika barua iliyoonekana ya kawaida, alitaja kitabu cha watoto ambacho yeye na nduguye walikipenda, chenye mashujaa waliofichua ujumbe kwa kutazama herufi za mwanzo za mistari. Nyumbani walipozisoma herufi za mwanzo za barua yake, zilifanya maneno mawili ya Kipoland: barua kwa mkojo. Wakachukua pasi, na kati ya mistari wakasoma habari za waliopasuliwa na waliouawa, habari ambazo zilifika kwa wapiganaji wa siri na hatimaye London. Hizo ndizo barua za wino wa siri ninazoziheshimu kuliko zote. Lakini tazama: pasi ilifaa kwa sababu mwandishi alikuwa amewaambia ametumia nini, na karatasi ilikuwa na siku chache tu. Wewe huna lolote kati ya hayo mawili.

Kuhusu mistari iliyoachana, ni kweli kwamba nafasi ilihitajika. Washington aliwaagiza watu wake wasitume karatasi tupu, kwani karatasi tupu humfanya yeyote ajiulize. Waandike barua ya kawaida ya kirafiki na kuweka siri katika nafasi iliyobaki, au waitumie kurasa tupu za kijitabu kisicho na thamani. Mhispania Juan Pujol García, aliyejifanya jasusi wa Ujerumani huku akiitumikia Uingereza kwa jina la Garbo, alituma barua 315 za namna hiyo, kila moja ikiwa na wastani wa maneno 2,000 ya uongo uliopangwa kwa ustadi chini ya barua ya juujuu isiyo na maana. Hata hivyo watu huachanisha mistari kwa sababu nyingi zisizo na siri: mwandiko mkubwa, macho mabovu, au barua fupi ambayo mtu anataka ijae ukurasa. Linganisha na zile sita. Kama rafiki yake babu aliandika vivyo hivyo katika zote, suala limekwisha. Kama ni hii moja tu, endelea na hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza haihitaji chochote zaidi ya tochi. Nawa mikono uikaushe, iweke barua juu ya meza safi katika chumba chenye giza, kisha ilaze tochi karibu kabisa na meza ili mwanga upite juu ya karatasi kama jua la machweo linavyopita juu ya shamba lililolimwa. Kila kikunjo kitapata kivuli. Tafuta katika nafasi kati ya mistari: mikwaruzo myembamba inayofuata mwendo wa herufi, au njia ambapo ule mng'ao wa karatasi umekufa. Zungusha tochi, usizungushe barua. Piga picha ya pande zote mbili, pamoja na bahasha, utepe na mihuri.

Hatua ya pili, ukipenda, ni taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, kama zile za kukagulia noti. Karatasi nyingi za kabla ya miaka ya 1950 hazikutiwa kemikali za kung'arisha weupe, kwa hiyo chini ya taa hii huonekana zimefifia, na hilo ni bahati kwako: baadhi ya wino za siri, mkojo na dawa ya kwinini zikiwemo, hung'aa juu yake. Michirizi ya mkaguzi nayo inaweza kuonekana wazi zaidi. Usiitazame taa yenyewe, na usiiwashe kwa zaidi ya dakika moja au mbili, kwani mwanga huo huidhuru karatasi. Jihadhari pia na furaha ya haraka: gundi, jasho la vidole na maji yaliyodondoka hung'aa vilevile. Kinachotafutwa ni mistari yenye mpangilio wa mwandiko.

Zaidi ya hapo usivuke. Usinunue iodini ujaribu mwenyewe, kwa maana mvuke wake unaumiza macho na mapafu, na ukikutana na wanga uliopakwa kwenye karatasi huacha doa la buluu ukurasa mzima. Amonia na dawa nyingine ni vivyo hivyo. Nililetewa wakati mmoja barua ya vita ambayo familia ilikuwa imejaribu kila kitu walichokisoma. Ilikuwa na alama ya pembetatu ya pasi katikati, ukingo mmoja umepukutika, na wino wa kawaida, ule wa barua yenyewe, umesambaa kwa unyevu wa mvuke hadi jina la mwandishi halisomeki. Niliigeuza chini ya taa kwa muda mrefu. Sikuona dalili yoyote ya maandishi ya siri. Walikuwa wameipoteza barua halisi wakiitafuta ambayo haikuwapo.

Mpelekee mhifadhi wa nyaraka, katika makavazi au maktaba kubwa yenye karakana ya kuhifadhi karatasi, ikiwa utaona lolote kati ya haya: mikwaruzo au mng'ao wenye umbo la herufi, karatasi inayokatika ukiikunjua, unga au madoa ya ukungu, au utepe wa zamani unaovuta wino. Wao wanaweza kuipiga picha kwa mawimbi mengi tofauti ya mwanga, kuanzia urujuanimno hadi infraredi, na kuzilinganisha picha hizo kwa kompyuta bila kuidondoshea karatasi hata tone moja. Uwezekano wa kupata kitu ni mdogo. Nakuambia hivyo mapema usije ukavunjika moyo. Lakini jibu la swali lako la mwisho ni ndiyo: chumvi za metali hukaa katika karatasi kwa miaka mingi, na hata pale kemikali imekwisha, nyuzi zilizovurugika hubaki zimevurugika, maadamu hakuna aliyezikandamiza kwa pasi.

Ukiipeleka, usiiviringishe wala usiifunike kwa plastiki ya kubandika kwa joto. Ilaze ndani ya karatasi nyeupe isiyo na asidi, katikati ya kadi mbili ngumu zinazoizidi ukubwa kidogo, na ubebe bahasha yake pamoja na angalau barua moja kati ya zile sita, kwa kuwa mhifadhi atataka mwandiko na karatasi ya kulinganishia. Mchukue mjomba muende pamoja, ajionee mwenyewe michirizi ile chini ya taa.